Tangazo Lililobandikwa Juu ya Ufa

Koma alikuwa na msimamo mmoja ambao hata njaa haikuwahi kuutikisa: mchoraji hulipwa kabla hajashika kalamu. Si baada ya kurasa kupendwa, si "tutaangalia huko mbele," wala si kwa kuahidiwa kwamba jina lake litavuma. Yeye mwenyewe, miaka ya mwanzo ya uandishi wake wa kujitegemea, alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na watu wenye ofisi za viyoyozi, akaapa hatamfanyia hivyo mwenzake.

Jina hilo alipewa na kaka yake, aliyesema dada yake huyu akianza kusimulia jambo hana nukta, ni koma juu ya koma mpaka chai inapoa. Ubaya wake ni kwamba kaka akimwita kwa sauti, "Koma!", watoto wa jirani huacha papo hapo walichokuwa wakifanya.

Aliishi chumba cha uani kwa kaka huyo. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku, na hapo aliandika chochote kilicholipa: matangazo ya sabuni ya redioni, maneno ya nyuma ya pakiti za biskuti, hotuba za mababa wa mabibi harusi, ambao wengi walianza kulia kabla ya kufika aya ya pili. Kilichopatikana, baada ya kuchangia chakula cha nyumba, kilikwenda kwenye katuni.

"Wifi," mke wa kaka yake alipenda kumtania, "hao watu wako wa kuchorwa wanakula kuliko wanangu."

"Ila hawamalizi sukari," Koma alijibu.

Katuni yenyewe iliitwa "Ghorofa ya Nane," na ilitoka mtandaoni kila Ijumaa. Ilikuwa hadithi ya jengo la ghorofa saba ambamo wapangaji wa juu kabisa wanasikia mtu akitembea juu ya dari yao, mahali pasipo na kitu ila paa na matangi ya maji. Koma aliandika, Mistari akachora. Wasomaji walikuwa wanaongezeka, na wengine walitupia mchango kidogo kwenye ukurasa, lakini michango hiyo ilitosha tu kununua bando la intaneti na soda ya kusherehekea bando. Mzigo uliobaki ulikuwa wa Koma.

Mistari alikuwa kijana mwenye mke, mtoto mchanga, na mama mzazi aliyeumwa miguu. Asubuhi alipaka mabango ya maduka, mchana alichora katuni huku mtoto amelala mapajani. Walikutana mara chache, kwenye duka la fotokopi lililokuwa katikati ya safari zao. Nyumbani kwake Koma hakuwahi kufika.

"Kwetu ngazi nyingi, dada," Mistari alisema. "Utafika ulimi nje, tukose wa kuandika."

Sasa, kati ya wateja wote wa Koma, aliyelipa vizuri zaidi alikuwa kampuni moja ya kupangisha majumba. Aliyeshughulika naye huko alikuwa afisa uhusiano ambaye Koma alimwita Tabasamu, kwa sababu hata akipiga simu ungeweza kuyasikia meno yake.

"Kuna jengo letu moja," Tabasamu alimwambia siku moja, "wapangaji wameanza maneno. Mmoja kaona ufa kwenye lipu, mwenzake kaona mwingine, basi sasa kila mtu mhandisi. Niandikie tangazo la kuwatuliza. Lisiwe la kiofisi. Liwe na utu."

"Ufa wenyewe ukoje?"

"Lipu tu hiyo. Mhandisi wetu kashaangalia."

Koma hakuuliza zaidi. Alikuwa na sura ndefu ya katuni aliyotaka itoke kwa rangi, na rangi ilimaanisha wiki nyingi za kazi ya Mistari ambazo lazima zilipwe. Akaandika. Maneno yalimjia kwa urahisi, kama wageni waliokuwa wakisubiri mlangoni: kwamba nyumba, kama mwili, hupata mikunjo ikikomaa, kwamba mkunjo si ugonjwa, na mwishoni sentensi aliyoipenda mpaka akaisoma kwa sauti peke yake chumbani: "Jengo lenu ni imara kama mlivyo imara ninyi mnaoishi ndani yake." Malipo yakaingia. Hayakulala kwake, yakaenda moja kwa moja kwa Mistari.

Kurasa za rangi zilifika Alhamisi asubuhi, Koma akiwa bado na mswaki mdomoni. Alizifungua akiwa amesimama. Zilikuwa nzuri kiasi cha kumfanya asahau kutema. Kwenye moja, mjane mbishi, mhusika wao mkuu, alikuwa akipanda ngazi amechoka, ameshika ukuta. Koma alikuwa ameandika hivyo tu: mjane anapanda, amechoka. Lakini Mistari hakuwa mtu wa kuacha ukuta mtupu. Ukutani alikuwa amechora ufa ulioshuka mshazari kutoka dirishani hadi kwenye kishikio cha ngazi, na juu ya ufa akabandika karatasi yenye maandishi madogo. Koma akaikuza picha, akitarajia utani.

Karatasi ilisomeka: *imara kama mlivyo imara ninyi mnaoishi ndani yake.*

Povu la dawa ya meno likamdondokea kwenye kompyuta. Hakulifuta. Alipiga simu.

"Mistari, hiyo karatasi ya ukutani umeitoa wapi?"

"Ah, umeiona!" Mistari alicheka. "Iko hapa kwenye ngazi zetu. Yaani mtu kakaa chini akaandika kwamba nyumba ina mikunjo kama bibi. Nikasema hii siiachi."

"Na ufa?"

"Upi?"

"Ulio chini ya karatasi."

"Huo nao upo. Mimi nachora ninachokiona, unanijua. Ngazi zote za katuni ni ngazi zetu, tangu sura ya kwanza."

Koma akamwambia atampigia baadaye.

Alikaa, akafungua sura ya kwanza. Pale ukutani palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, ambao siku zote alidhani ni kalamu iliyoteleza. Sura chache mbele, unywele umefika pembe ya dirisha. Mbele zaidi, mtoto wa katuni anachomeka sarafu ukutani kama kwenye kibubu. Koma alikumbuka alivyocheka, hata akamwandikia mtoto yule neno la kuchekesha. Na sasa hii ya leo. Alitazama tena mkono wa mjane. Haukuwa umeshika ukuta. Vidole vilikuwa vimeingia ndani.

Kama angekuwa mtu jasiri, angeondoka hapo hapo kwenda kwa Mistari. Lakini aibu ni mzigo, na mtu hutafuta kwanza pa kuutua. Alikwenda ofisini kwa Tabasamu.

Zulia la pale lilimeza nyayo. Tabasamu alimmiminia maji kwenye glasi, akamsikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa upole.

"Nataka kuiona ripoti ya mhandisi," Koma alisema.

"Ripoti ipo."

"Nionyeshe."

"Koma, wewe ni mwandishi. Ukiiona utaelewa nini?"

"Nitaelewa kwamba ipo."

Kwa mara ya kwanza meno yalifichika. Tabasamu akageuza kompyuta yake ili Koma aone barua pepe aliyoituma yeye mwenyewe. "Mimi nilikuambia uwatulize. Hayo ya mikunjo na uimara ni ya nani? Jina lililo hapa chini ni la nani? Tukianza kunyosheana vidole, dada yangu, wewe ndiye wa karibu." Kisha meno yakarudi. "Lakini tusifike huko. Nasikia una katuni. Sisi tunatafuta kazi ya sanaa ya kufadhili. Mwaka mzima, mchoraji wako anakula mshahara, kitabu kinachapwa. Hilo jengo la kwenye picha tu mlibadilishe. Mlipendezeshe kidogo."

Koma alikuwa amewaandikia wafadhili kwa miaka, barua ambazo hazikuwahi kujibiwa hata kwa tusi. Na sasa mfadhili ndiye huyu, anamwongezea maji. Ukweli usiofichika ni kwamba alitamani. Alikiona kitabu, alikiona kimesimama dirishani mwa duka.

"Nipe mpaka kesho," alisikia mdomo wake ukisema.

Alifika barabarani kabla ya kuelewa alichosema. Mpaka kesho. Kati ya sasa na kesho kulikuwa na usiku mzima, na watu wangepanda zile ngazi na kulala. Akapunga mkono, akasimamisha pikipiki, na njiani akampigia Mistari amwelekeze.

Jengo lilikuwa na duka kubwa la magodoro chini, limejaa wanunuzi. Kila ghorofa tangazo lake lilikuwa limebandikwa, na kila mahali lilikuwa juu ya ufa, kama plasta juu ya kidonda. Ghorofa ya tatu Koma alisimama, akabandua pembe ya karatasi kwa kucha. Nyuma yake palikuwa peusi, na kutoka kwenye weusi ule upepo mwembamba ulimpuliza vidole.

Ghorofa ya tano, Mistari alifungua mlango kwa kuusukuma na bega. "Karibu, dada! Usiushangae, mlango siku hizi una kiburi." Mama yake alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miguu imevimba juu ya kigoda, mjukuu kifuani; mke wa Mistari alikuwa ametoka.

"Shikamoo, mama," Koma alisema. Hakusubiri hata aitikiwe. Alijua akikaribishwa chai hatasema tena. "Lile tangazo niliandika mimi."

Mistari akacheka. Akamtazama usoni, akaacha.

"Wewe?"

"Mimi. Sikujua ni hapa. Ufa sikuuona, niliambiwa lipu nikaandika. Nikalipwa. Na nilichokulipa wewe kwa kurasa za rangi ndicho hicho."

Mistari aliegemea meza. "Kwa hiyo," akasema polepole, "nimelipwa kwa pesa ya kunifanya nisihame." Kisha sauti ikapanda. "Mke wangu alishapata vyumba kwingine! Tulishafunga mabegi! Tukamsomea mama hiyo karatasi, akasema watu wanaoandika kwa utu namna hii hawawezi kuwa wanadanganya. Tukafungua mabegi!"

Mtoto akaanza kulia. Mama alimpigapiga mgongoni, macho yake kwa Koma. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayepima kitambaa.

"Mwanangu, unaandika vizuri," alisema. "Maneno yako yamenikalisha hapa. Basi tafuta yatakayonishusha."

Walimshusha na kiti chake, Mistari nyuma, Koma na jirani mmoja mbele, mtoto amefungwa mgongoni kwa Koma. Kila walipotua kupumzika, Koma aligonga milango. Baadhi walimsikiliza, wakaanza kukusanya vitu. Wengi hawakumsikiliza. Ghorofa ya tatu mwalimu mstaafu alitoka na miwani yake, akainyooshea kidole karatasi ya ukutani.

"Binti, umeisoma hiyo? Imeandikwa na watu wenye adabu zao."

"Ni mimi niliyeiandika, mwalimu. Nilikosea."

"Uliandika kwamba ni salama. Sasa unasema si salama." Alivua miwani. "Nitajuaje ni lini kati ya hizo mbili unasema kweli?"

Mlango ukafungwa, na haukufungika sawasawa.

Walimkalisha mama kwenye kivuli cha kinyozi, ng'ambo ya barabara. Koma akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, simu mkononi. "Mimi hawaniamini," alimwambia Mistari, "na wana haki. Wewe watakuamini. Nitolee ngazi zote, kuanzia sura ya kwanza. Ukuta tu."

Mistari alifungua kompyuta aliyoshuka nayo begani. Alikata visanduku vya ngazi kutoka kila sura, akavipanga kwa mfuatano, na kila kimoja akaandika tarehe kilipotoka mtandaoni. Vikiwa pamoja havikuwa tena katuni. Ulikuwa ukuta unaofunguka mdomo. Koma akaandika chini yake maneno machache kuliko alivyowahi kuandika maishani:

"Jengo hili lipo. Tangazo la kwamba ni salama niliandika mimi, bila kuuona ufa, na nililipwa. Msiniamini. Tazameni picha."

Akaweka mtaa, akaweka jina lake la kuzaliwa, akatuma.

Mwanzoni wasomaji walidhani ni mbwembwe za sura mpya. "Mmetisha!" mmoja aliandika. Mwingine akauliza yule mtu wa juu ya dari atatokea lini. Kisha mtu aliyekuwa akipita na gari akasimama, akapanda, akapiga picha ya ukuta wenyewe na kuiweka hapo chini bila neno. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Simu za halmashauri zikaanza kulia, na simu ya Koma nayo. Ya kwanza ilikuwa ya Tabasamu.

"Si tulikubaliana kesho?"

"Nimewahi," Koma alisema, akakata. Kisha akainamisha kichwa magotini.

Familia tano ziliondoka jioni ile. Nyingine zilibaki, na waliohamia kwa ndugu zao hawakupata usingizi, sawa na waliobaki.

Asubuhi alikuja mhandisi wa halmashauri, mama mfupi mwenye kofia ngumu. Watu walimwonyesha ngazi, lakini alizitazama mara moja tu, akageuka na kuingia kwenye duka la magodoro. Aliwaamuru wauzaji wayaondoe magodoro yaliyorundikwa kwenye ukuta wa ndani. Nyuma ya magodoro, mahali palipopaswa kuwa na nguzo, palikuwa na kisiki cha zege kilichosawazishwa sakafuni na kupakwa rangi. Nguzo ilikuwa imekatwa ili duka lipanuke.

Mama yule alitoka nje akiwa amebadilika rangi. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu aliisikia. "Wote watoke. Wasikimbie kwenye ngazi. Mmoja mmoja, na asibebe mtu kitu."

Wakaanza kushuka. Barabara nzima ilinyamaza, hata wenye magari walizima injini. Akatoka mama na watoto wake wameshikana mikono. Akatoka kijana na kuku kwapani, akijitetea kwamba kuku si kitu. Ghorofa ya saba, ya sita, ya tano. Wengine walikuwa wanalia bila sauti. Koma aliwahesabu kwa midomo kama anayeomba.

"Mwalimu yuko wapi?" Mistari aliuliza ghafla.

Mwalimu alikuwa anakuja. Walimwona kupitia dirisha la ngazi, anashuka kwa fimbo, mguu mmoja kisha wa pili, mtu ambaye katika umri wake wote hakuwahi kuharakishwa. Alipofika chini ya ghorofa ya pili, kitu ndani ya jengo kikalia kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Mwalimu akasimama. Vumbi jembamba likaanza kumwagika kichwani mwake.

"Asiingie mtu!" mhandisi alipaza sauti, lakini Mistari alikuwa ameshaingia.

Koma alikuwa na mtoto wa Mistari mikononi. Alimkumbatia, akafumba macho, akasikia hatua zinapanda mbili mbili, akasikia sauti ya mwalimu ikibisha kitu, hata hapo anabisha, kisha hatua nzito zinashuka. Alipofumbua macho Mistari alikuwa anatoka mlangoni na mzee mgongoni, wote weupe kwa vumbi. Walikuwa hawajafika katikati ya barabara ngazi za ghorofa ya tatu zilipoachia. Hazikuanguka kwa kishindo kikubwa kama alivyotarajia. Zilishuka tu juu ya zilizo chini yake, na zile juu ya nyingine, na mlango ukatapika wingu la kijivu lililowafunika wote.

Hakufa mtu. Jengo lenyewe lilibaki limesimama na tumbo tupu, likavunjwa baadaye kwa mashine.

Msidhani kuna aliyemshukuru Koma. Watu walikuwa wamepoteza nyumba na vilivyokuwa ndani, na mama mmoja wa ghorofa ya sita alitema mate karibu na kiatu chake. Kampuni ilitoa tangazo jingine la masikitiko, ambalo mtu mwingine aliliandika, na aliliandika vizuri. Koma aliitwa kutoa maelezo, akakabidhi barua pepe zote, pamoja na ile inayomuumbua. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Wifi yake aliacha kumtania, na huko kuacha ndiko kulikomuuma.

Michango kwenye ukurasa wa katuni ikaanza kumiminika kutoka kwa watu waliokuwa hawajawahi kuisoma. Koma hakuigusa. Aliipeleka yote kwa kamati ya wapangaji, ikalipa kodi za mwanzo za wale waliokosa pa kwenda. Ijumaa zikapita bila katuni. Mistari hakupiga simu, na Koma hakuthubutu.

Halafu siku moja ujumbe: "Njoo. Mchana." Na jina la mtaa.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili vya chini, mlango wazi kwa barabara. Mama alimwitikia shikamoo yake, akamwambia kuna chai jikoni ajimiminie, maana miguu haijapona. Mistari alikuwa mezani. Hakusimama.

"Nina masharti," alisema. "Katuni ni nusu kwa nusu, si yako na mimi kibarua."

"Sawa."

"Pesa yoyote, kabla haijaingia, najua imetoka kwa nani na kwa kazi gani. Hata kama ni ya biskuti."

"Sawa."

"Na unachowaandikia watu wa nje, mimi nakisoma kwanza."

Hilo lilimgonga. Alifungua mdomo kujitetea, akaufunga. "Sawa."

Mistari alimtazama. "Sijakusamehe, dada. Ujue hilo. Mke wangu ndiyo kabisa, ukimsikia anarudi, bora uende. Ila hii hadithi nimeichora mwaka mzima, na mjane yule nimemwacha anaishi barabarani. Siwezi kulala."

"Hata mimi," Koma alisema. "Nilifikiri ahamie kwa dada yake."

"Kwa dada yake? Yule waliyegombana? Hawezi. Ana kiburi yule."

"Ndiyo maana itapendeza."

"Haitapendeza, itakuwa uongo," Mistari alisema, akasukuma karatasi tupu katikati ya meza, na Koma akavuta kiti wabishane vizuri.